Pembe, Mbung'o na Damu Mchanganyiko: Historia ya Ng'ombe wa Karagwe

Mwaka 1947 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa historia ya ufalme wa Karagwe iliyoandikwa na watu wawili. Mmoja, R. de Z. Hall, alikuwa afisa wa utawala ambaye baadaye alikuja kuwa Gavana wa Sierra Leone. Mwingine, John Ford, kazi yake ilikuwa mbung'o. Si kawaida mtaalamu wa wadudu kukaa chini na kupanga nasaba za wafalme. Lakini mtu aliyetembea kwenye vilima vya Karagwe miaka ile hakuweza kulikwepa swali moja: inakuwaje nchi iliyosifiwa kwa ng'ombe katika karne ya 19 imegeuka pori ambamo ng'ombe hawezi kulala usiku mmoja bila kuambukizwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o? Nzi peke yake hakuwa na jibu. Ilibidi waulizwe wazee, na wazee wakianza kusimulia habari za ng'ombe wa Karagwe, huanza na wafalme.

Masimulizi yanasema Ruhinda, mwanzilishi wa ukoo wa Wahinda, alitoka kaskazini, upande wa Kitara, akiwa na makundi yake ya mifugo. Wanyambo aliowakuta walikuwa wakulima. Juu ya mchanganyiko huo wa jembe na fimbo ya mchungaji ukajengwa ufalme ambao makao yake makuu, Bweranyange, yako katika wilaya ya Karagwe ya leo. Sehemu ya kaskazini ya nchi hiyo, inayopakana na mto Kagera na kutazamana na Rwanda na Uganda, ndiyo iliyomegwa mwaka 2012 ikawa wilaya ya Kyerwa. Mwanahistoria Israel Katoke, aliyechapisha kitabu kizima kuhusu ufalme huu mwaka 1975, anaonyesha namna ng'ombe walivyokuwa fedha, mahari na siasa kwa wakati mmoja. Hazina ya mfalme ilikuwa na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa madini, na sifa ya uhunzi wake hupewa Ndagara, baba yake Rumanyika. Mfalme aliyefua chuma alifua ng'ombe, na aliwafua wakiwa na pembe ndefu.

John Hanning Speke na mwenzake James Grant walifika kwa mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861, wakiifuata njia ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokuwa na kituo chao Kafuro. Walipokewa vizuri kuliko mahali pengine popote walikopita. Speke ameacha maelezo marefu ya wanawake wa nyumba ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa mpaka hawakuweza kusimama. Anamweleza binti mmoja aliyeketi akinyonya chungu cha maziwa huku baba yake amesimama karibu na fimbo, asije akaacha kunywa. Mzungu huyu hakuona haya kuchukua utepe na kumpima mke wa ndugu yake mfalme mkono, paja na kifua, akaandika inchi zote kitabuni. Mimi ningemshukuru zaidi kama utepe ule angeutumia kwa ng'ombe waliotoa maziwa hayo. Tungejua leo pembe za zizi la Rumanyika zilikuwa na urefu gani kabla ya balaa.

Balaa lenyewe lilikuwa sotoka. Ugonjwa huo uliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887 pamoja na ng'ombe waliosafirishwa kwa meli, ukashuka kusini haraka kuliko habari zake. Kufikia 1891, mwaka ambao Emin Pasha na Franz Stuhlmann walipita Karagwe kwa niaba ya Wajerumani, ulikuwa umeshafagia nchi za maziwa makuu. Mahali pengi walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Nyuma yake zikaja ndui, funza na njaa. Mfugaji aliyebaki na ng'ombe watatu hakuweza tena kulisha vilima, na nyasi zisizoliwa wala kuchomwa kwa wakati wake zikawa vichaka. Wanyamapori nao walikufa kwa sotoka, lakini walirudi kwa wingi mapema kuliko mifugo. Vichaka na nyati vilipokutana, mbung'o wakapata nyumba na chakula. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 walisambaa Karagwe, na ng'ombe wachache waliosalia wakasukumwa pembeni.

Ford aliendelea kulitafakari jambo hili kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1971 akatoa kitabu kikubwa kuhusu nagana na malale katika ikolojia ya Afrika, na Karagwe imo. Hoja yake iliwaudhi wengi waliozoea kuamini kwamba dawa za kikoloni ndizo zilizowaokoa Waafrika. Alisema wafugaji wa zamani hawakuwa wajinga waliobahatika. Waliishi na mbung'o kwa kuwabana. Walichoma nyasi kwa majira, walifyeka, walijua bonde lipi lipitwe mchana na lipi lisikanyagwe kabisa. Kuumwa kidogo kidogo kwenye mipaka ya pori kuliwapa mifugo na watu kinga ya kiasi. Mwanahistoria Helge Kjekshus aliichukua hoja hiyo mwaka 1977 na kuieneza katika historia ya Tanganyika nzima.

Kuna neno moja katika hoja ya Ford ambalo mwaka 1971 halikuwa na majibu: kinga. Ng'ombe fulani huumwa na mbung'o, hupata vimelea, na bado hunenepa. Mwingine hukonda, damu humwishia, hufa. Tofauti hiyo iko wapi? Katika malisho, katika umri, au katika urithi? Na kama ni urithi, umekaa sehemu gani ya mwili wa ng'ombe?

Ng'ombe wa Karagwe hakuwa mfano mzuri wa kuanzia. Ankole, ng'ombe huyu mwekundu wa pembe zinazopanda juu kisha kujikunja, mwenye nundu ndogo iliyojificha shingoni, hana uvumilivu mkubwa wa nagana. Alikuwa akilindwa na mchungaji. Mvumilivu anayejulikana ni N'Dama wa Afrika Magharibi, ng'ombe mdogo wa kahawia asiye na nundu kabisa, ambaye asili yake inahusishwa na nyanda za juu za Futa Jallon nchini Guinea. Mababu zake waliingia Afrika maelfu ya miaka iliyopita, na waliishi kwenye misitu ya mbung'o muda mrefu kiasi cha dhaifu wao kufa wote. Kwa upande mwingine wa bara yuko Boran wa Kenya, mwenye nundu, mrefu, mzuri wa nyama, anayeugua haraka. Hawa wawili ni binamu wa mbali. Wasio na nundu walifugwa kwanza Mashariki ya Kati yapata miaka 10,000 iliyopita, na wenye nundu walifugwa peke yao katika bonde la Indus. Nasaba zao za porini zilikuwa zimeachana laki kadhaa za miaka kabla ya hapo, kiasi kwamba vitabu vingi huwapa majina mawili ya kisayansi, Bos taurus na Bos indicus. Hata hivyo huzaana, na watoto wao huzaa.

Kabete, nje kidogo ya Nairobi, palikuwa na maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyoanzishwa mwaka 1973, ikijulikana kama ILRAD kabla ya kuunganishwa na taasisi nyingine katikati ya miaka ya 1990 na kuwa ILRI. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilisafirisha viinitete vya N'Dama vilivyogandishwa kutoka Gambia na kuvipandikiza kwenye matumbo ya ng'ombe wa Boran. Hivyo N'Dama wakazaliwa Kenya wakanyonya maziwa ya Boran. Kutoka hapo watafiti walianza kazi iliyochukua zaidi ya miaka kumi. Madume wa N'Dama walipandishwa majike wa Boran, watoto wao wakapandishwa wenyewe kwa wenyewe, wakapatikana wajukuu 177.

Wajukuu ndio waliotakiwa. Mtoto wa kwanza ni nusu kwa nusu na hafundishi kitu. Mjukuu lakini amerithi vipande vya babu na vipande vya bibi kwa mpangilio wake mwenyewe, kama shanga za rangi mbili zilizokatwa uzi zikatungwa upya bila kuangalia. Kila mmoja aliumwa na mbung'o wenye kimelea cha aina moja, Trypanosoma congolense, kisha akafuatwa kwa siku 150: damu imepungua kiasi gani, uzito umeshuka kiasi gani, vimelea ni vingapi. Vipimo 16 kwa jumla. Wakati huohuo vinasaba vyao vilisomwa katika alama 477 zilizotapakaa kwenye kromosomu zote 29 zisizo za jinsia. Kazi ikawa kulinganisha: wale walioshikilia damu yao vizuri, je, mahali fulani kwenye kromosomu fulani wamerithi kipande kilekile?

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, Olivier Hanotte akiwa mwandishi wa kwanza. Aliyetarajia kuona jeni moja ya ushujaa angevunjika moyo. Dalili za mchango zilionekana kwenye kromosomu 18 tofauti, na kila sehemu ilieleza kati ya asilimia 6 na 20 tu ya tofauti katika kipimo kilichohusika. Hii ndiyo maana ya sifa changamano: haina mwenyewe mmoja. Mambo kama kimo, maziwa na urefu wa pembe ni hivyo hivyo, yanaamuliwa na jeni nyingi, kila moja ikitia kidogo, na malisho na magonjwa yakitia yao. Jambo lililonishangaza mimi kila ninapolirudia ni hesabu ya asili ya kinga. Katika sehemu tisa, kipande kilichosaidia kilitoka kwa N'Dama, kama ilivyotegemewa. Lakini katika sehemu tano kilitoka kwa Boran, yule dhaifu. Na katika sehemu nne, aliyefanya vizuri kuliko wote ni yule aliyekuwa na kimoja cha huku na kimoja cha kule. Kwa maneno mengine, ng'ombe anayekufa kwa nagana alikuwa amebeba sehemu ya dawa yake bila kuitumia, na chotara aliyechaguliwa kwa uangalifu angeweza kuwapita wazazi wake wote wawili.

Kutoka kwenye sehemu ya kromosomu mpaka kwenye jeni yenyewe ni safari ndefu, maana sehemu moja huweza kubeba mamia ya jeni. Hapo ndipo walipoingizwa panya. Panya weusi wa maabara wa ukoo wa C57BL/6 huishi na vimelea vya nagana muda mrefu kuliko koo za A/J na BALB/c. Mwaka 1997 Stephen Kemp na wenzake walikuwa wameshaonyesha sehemu tatu kubwa za kromosomu za panya zinazohusika. Panya na ng'ombe wameachana zamani sana, lakini vipande virefu vya kromosomu zao bado vimepangwa jeni zilezile kwa mfuatano uleule. Ukijua njia ya mwili inayomwokoa panya, unajua mlango upi wa kubisha kwa ng'ombe. Mwaka 2011 Harry Noyes na kundi kubwa la watafiti wa Uingereza na Nairobi walikusanya yote pamoja: ramani ya wajukuu 177, jeni zinazowashwa kwenye ini, bandama na matezi ya ng'ombe wanaougua, na mifuatano ya vinasaba ya koo mbalimbali. Wakabaki na majina mawili yenye uzito, ARHGAP15 na TICAM1, yote mawili yakihusika na namna seli za kinga zinavyopashana habari. Ni watuhumiwa wakuu, si waliokwisha kutiwa hatiani.

Ankole alikuwa wapi wakati haya yakiendelea? Naye alikuwa akisomwa, ila kwa swali jingine. Mwaka 2008 Deo Ndumu na wenzake walichapisha vipimo vya mwili vya ng'ombe 439 wa Ankole kutoka makundi 11 katika nchi tano za maziwa makuu, na vinasaba vya ng'ombe 472. Kwa macho, makundi hayo yanatofautiana. Kwa damu, tofauti ni ndogo. Ng'ombe wa Karagwe, wa Mbarara na wa ng'ambo ya mto ni ndugu wa karibu, na mpaka uliochorwa na Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji haukuwafikia. Utafiti mwingine wa miaka hiyo uliwauliza wafugaji wa Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda wanachagua kwa kigezo gani. Walitaja maziwa, uzazi na umbo kubwa, lakini pia rangi na pembe. Kwa hiyo pembe zile ndefu zimechaguliwa, kizazi baada ya kizazi, na watu waliokuwa na haki ya kupenda kizuri.

Kilichoonekana ndani zaidi ni uchotara wa kale. Katika ng'ombe wa asili wa Afrika, hata walio na nundu kubwa, vinasaba vile vinavyorithiwa kwa mama peke yake ni vya ukoo usio na nundu. Nundu iliingia kwa madume. Wafugaji walibaki na majike wao, wakaleta dume la kigeni lenye nundu, wakaona ndama wake wanastahimili jua na kiangazi, wakalitumia tena. Mwaka 2020 kundi la watafiti lililosoma jenomu kamili za ng'ombe 172 wa asili kutoka aina 16 za Afrika lilikadiria kwamba mchanganyiko mkubwa kwa ng'ombe wa Pembe ya Afrika ulitokea kati ya miaka 750 na 1,050 iliyopita. Lilibainisha pia sehemu 16 za jenomu ambamo urithi wa upande mmoja umezidi kuliko ulivyotazamiwa, dalili kwamba mazingira ya Afrika yalikuwa yakichuja. Mahali pengine mshindi ni kipande cha wasio na nundu, mahali pengine cha wenye nundu. Katika kutafuta Ankole safi, basi, mtu atachoka. Usafi wake ni kuchanganywa vizuri.

Nagana haiko peke yake Kagera. Muulize mfugaji wa Nkwenda au Kayanga ni nini kinachoua ndama, na atasema ndigana kali kabla ya kusema nagana. Robert Koch aliiona Dar es Salaam mwaka 1898 akadhani ni homa ya Texas. Kimelea chake, kinacholetwa na kupe, sasa kinabeba jina la Arnold Theiler. Mwaka 2022 watafiti wa ILRI na wa Taasisi ya Roslin ya Scotland walieleza familia ya ng'ombe wa Boran, wote wakiwa kizazi cha dume mmoja, ambao wengi wao hupona ugonjwa huo pale wenzao wanapokufa. Safari hii ramani haikutawanyika kwenye kromosomu 18. Ilielekeza kwenye sehemu moja ya kromosomu ya 15, kwenye jeni waliyoiita FAF1B, na athari yake ni kubwa. Magonjwa mawili, bara lilelile, ng'ombe walewale, na urithi umepangwa kwa namna mbili zisizofanana. Kumbe ukubwa wa fumbo hauwezi kukisiwa kabla ya kulifungua.

Wapo wanaotaka kuruka njia hii yote. Damu ya binadamu, na ya baadhi ya nyani, ina protini inayoua vimelea vya nagana, na ndiyo maana ng'ombe huugua ugonjwa ambao mchungaji wake hausikii. Yapo mawazo ya kumpa ng'ombe jeni ya nyani inayotengeneza protini hiyo, na kama hatua ya mwanzo alizaliwa ILRI mwaka 2012 dume wa Boran aliyetengenezwa kwa kunakili seli, akapewa jina Tumaini. Yeye mwenyewe hana jeni ya nyani. Alikuwa jaribio la kuona kama kunakili kunawezekana.

Huko Karagwe na Kyerwa, karne ya 20 ilipita na mambo yake. Ranchi za taifa kama Kitengule zilianzishwa kwenye ardhi ambayo mbung'o waliisumbua. Mwaka 1994 wakaja wakimbizi wa Rwanda kwa maelfu mengi, misitu ikakatwa kwa kuni. Mwaka 2019 mapori ya akiba yakapandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, mfalme akirudi kwenye ramani bila ng'ombe wake, kwa maana ndani ya mpaka huo hawaruhusiwi kuchunga. Nagana hudhibitiwa kwa sindano na kwa vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyotiwa dawa, ndigana kwa josho, pale josho linapofanya kazi.

Mabadiliko makubwa zaidi kwenye damu ya ng'ombe wa wilaya hizi hata hivyo hayajaletwa na maabara ya Nairobi. Yameletwa na mhimilishaji mwenye mtungi wa mbegu zilizogandishwa nyuma ya pikipiki. Karibu kila kaya yenye shamba la migomba inataka ng'ombe wa bandani mwenye maziwa ya kuuza na samadi ya kutupia migomba, na mbegu inayoulizwa kwanza ni ya Friesian. Ndama wa kwanza ana nusu ya Ankole. Mtoto wake akipandishwa Friesian tena anabaki na robo kwa wastani, na wa tatu thumuni, na hakuna ajuaye thumuni hiyo imebeba vipande gani: vile vya kuvumilia kupe, vile vya kukaa kiangazi bila majani, au vile vya pembe tu. Maafisa mifugo hushauri damu ya kigeni isipitishwe kiasi pale ambapo dawa ni ghali na josho liko mbali. Wafugaji wengine hawangoji ushauri. Wakishazika ndama wawili watatu, hulirudisha dume la Ankole kwa kizazi kimoja, kisha hupiga simu tena kwa mhimilishaji.